Gemu Lidumu, Serikali Itajijua

Vijana wa Ulaya wamechachamaa. Machi 31, 2024 kampuni ya Kifaransa, Ubisoft, ilizima seva za The Crew, gemu la mbio za magari lililotoka 2014, na walionunua wakabaki na kasha la kupangusa vumbi. Kufikia Julai 2025, saini zaidi ya milioni moja zilikuwa zimekusanywa kuitaka Tume ya Ulaya iwabane watengenezaji: gemu ukishaliuza, usiliue.

Haki yao. Ila gemu hilo liliishi miaka tisa na ushei. Hukohuko Ufaransa, Michel Barnier aliteuliwa waziri mkuu Septemba 2024, bunge likamng'oa Desemba, kiti hata hakijapata joto. Akaja François Bayrou, naye akaangushwa Septemba 2025. Lakini kiboko yao ni Sébastien Lecornu. Alitangaza baraza lake Jumapili jioni, Oktoba 5, na Jumatatu asubuhi akajiuzulu. Waliolala mawaziri wakaamka mawaziri wa zamani, labda suti zingali kwa dobi. Siku nne baadaye Rais Macron akamteua nani? Lecornu yuleyule. Mcheza gemu yeyote anaujua mtindo huo: umekufa, bonyeza, anza upya.

Saini milioni moja za kudai baraza la mawaziri lidumu angalau wiki, hizo sijaziona. Pengine ni kwa sababu mnunuzi wa gemu ana risiti mkononi. Mpiga kura ana nini?