Noti Iliyolewa

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma, na kuna jambo moja hunikera: watu wa Dar wakitajiwa mvinyo wa kwetu, hucheka kabla hawajaonja. Basi shemeji anayeishi Dallas aliponiambia twende tukaonje mvinyo wa Texas, nilifanya nini? Nilicheka.

"Shem, Texas si ya ng'ombe na mafuta?"

Tulifika Fredericksburg, nikajiketisha kaunta kama hakimu. Dada mhudumu akanimiminia mvinyo mweupe uliochanganywa zabibu za Roussanne, Marsanne na Viognier. Mbegu hizo ni za bonde la Rhône, Ufaransa, lakini hizi zililimwa karibu na Lubbock. Mbele yangu palikuwa na kopo la bati linalong'aa. Wamarekani na bakshishi nawajua. Nikachomoa dola 5, nikalitunza lile kopo kwa madaha, kama niko kwenye taarab.

Chubwi!

Shemeji akafumba macho. Lilikuwa kopo la kutemea mvinyo.

Dada akaiopoa noti kwa koleo la barafu, akaianika kaunta bila kucheka. Heri angecheka. Kufunika aibu, nikapiga funda na kutoa hukumu: "Asali ya Itigi na papai bivu." Akasema wengine husikia pichi, ila pua ni yangu.

Akanieleza kuwa shamba liko kwenye uwanda wa mwinuko wa karibu mita 1,000. Mchana jua kali, usiku baridi. Nikaruka: "Dada, hiyo si Dodoma!" Tofauti ni kwamba wao hupigwa na mvua ya mawe na baridi kali ya ghafla, sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka.

Kisha akanimaliza. Karne ya 19, kadudu ka filoksera kalipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, mtaalamu T. V. Munson wa Denison, Texas, alisaidia kuwapatia Wafaransa mashina ya mizabibu ya mwitu ya Texas wapandikizie yao. Mwaka 1888 Ufaransa ikamtunuku nishani. Kumbe Texas ilimtunza Mfaransa zamani, kabla mimi sijatunza kopo.

Nilinunua chupa 2. Nawe unayecheka mvinyo wa Dodoma, onja kwanza, ndipo ucheke. Mimi nililipa kwa kadi. Noti ilikuwa haijakauka.