Barua ya Wazi kwa Shirika Lililoisogeza Unguja

Ndugu Mkurugenzi,

Hongera. Jina la shirika lako nalihifadhi, maana sifa zikizidi huleta kijicho.

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Zanzibar ni kilomita 73 hivi angani, karibu moja kwa moja kuelekea kaskazini. Mnasema ni dakika 20, na hapo hamsemi uongo. Kashata niliyoianza Kipawa injini ikiwashwa niliimalizia juu ya mnara wa Chumbe. Ndege yenyewe ndogo, viti 12, rubani anageuza shingo mwenyewe kutuambia tufunge mikanda. Kwa dakika hizo 20 sina neno.

Maajabu ni yaliyotangulia. Ndege ni ya saa mbili asubuhi, mkatutaka tufike saa mbili kabla. Saa kumi na mbili nikawa mlangoni. Saa tatu binti wa kaunta akaniambia, "Mzee wangu, ndege iko njiani." Nikamuuliza njia ipi. Akatabasamu. Saa nne likaja tangazo: "sababu za kiuendeshaji". Sababu hizo nilizitafuta kwa macho hadi nje, nikaziona zimevaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu begani, zinanunua karanga.

Shemeji yangu, mwoga wa ndege, alipanda boti ya saa tatu na nusu. Saa sita kasorobo akanipigia: "Bwana, niko Forodhani nakunywa dafu. Umefika wapi?"

"Kipawa."

"Bado tu?"

Tuliruka saa sita na dakika 40, tukatua saa saba kamili. Piga hesabu: kilomita 73 kwa saa saba ni kilomita 10 na ushee kwa saa. Huo ni mwendo wa jahazi lililoshikwa na kusi kwa nyuma, na nahodha wa jahazi hanipimi begi. Wanasiasa wanahangaika tangu 1964 kuzisogeza karibu pande hizi mbili. Ninyi mmezitenga asubuhi moja, bila hata kikao. Hata kunguru, walioletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, wameshavuka na leo wamejaa Dar es Salaam, wala sijasikia hata mmoja aliyeombwa radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Ushauri wangu: acheni kuuza dakika 20. Uzeni zile saa sita na ushee, ndiyo bidhaa mnayoitengeneza kwa ustadi. Andikeni kwenye tiketi "Kusubiri", kisha kwa herufi ndogo, "na kuruka kidogo". Tandikeni jamvi, wekeni bao. Chupa ya chai tutakuja nayo wenyewe.

Nikaha ya mpwa wangu ilisomwa baada ya adhuhuri, na shemeji ndiye aliyekaa mahali pangu. Mimi nilikuta pilau. Nililila na suruali ya safari, kwa kuwa begi lenye kanzu mlilishusha dakika ya mwisho; uzito, mkasema, umezidi.

Ni la kijani, mkono mmoja umefungwa kamba. Mkiliona, tafadhali lipandisheni boti.

Wako katika kusubiri,
Abiria wa kiti cha nne, dirishani