Sifa za Gari Lililogoma

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, steji ya Kendu Bay. Probox imesheheni magunia ya omena hadi springi za nyuma zimelala, abiria wanane wamebanana, na dereva anazungusha ufunguo. Tak. Anarudia. Tak-tak-tak, kisha kimya.

Hapo ndipo gari linapoanza kuonyesha ubora wake. Gari lililogoma halinywi petroli, halimpiti mtu kwenye kona na halijawahi kugonga mbuzi. Kwenye barabara nzima ya Katito hadi Homa Bay hakuna chombo kilicho salama kulishinda.

Tena halifichi kitu. Binadamu akinuna hasemi kilichomuudhi. Gari husema, mradi apatikane wa kulisikiliza. Tak-tak ya haraka huku taa za dashibodi zikififia ni kilio cha betri: iliyojaa hupima volti 12.6 hivi, na ikishuka chini ya 12 ni mgonjwa mahututi. Tak moja nzito, taa zikibaki kali, mshukiwa ni stata. Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isishike, betri haina kesi; swichi ikifunguliwa, pampu ya mafuta ivume kidogo huko nyuma. Isipovuma, fyuzi iangaliwe kwanza. Au tangi, maana geji nayo hudanganya.

Ndipo chuo kikuu kinapofunguliwa. Wa bodaboda anasema plagi. Mzee mwenye fimbo anasema kabureta, kitu ambacho Probox haina. Mama mwenye karai la samaki anauliza tu, "Omera, si jana uliacha taa?" Fundi anafika mwisho na spana namba 10, anafungua boneti, na ushahidi uko pale: taminali zimeota unga wa kijani-nyeupe. Anafungua hasi kwanza, spana isije ikagusa bodi ikatoa cheche, anamwagia maji moto kutoka kibanda cha chai, anasugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae.

Waadventista walipofungua misheni yao ya Gendia, kando ya mji huu, mwaka 1906, stata ya umeme haikuwa imeingia sokoni. Cadillac iliileta kwenye magari yake ya 1912, kazi ya Charles Kettering. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi kwa kishindo ilivunja mkono wa mtu. Gari la leo limestaarabika: huvunja miadi tu.

Kilomita chache kutoka hapa lipo Ziwa Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa kijiji. Bikizee mgeni akafukuzwa, na maji yakawafunika wote isipokuwa mama aliyempokea. Huenda ndiyo maana hakuna anayeipita Probox iliyolala bila kuweka bega. Ya gia za mkono hutiwa gia ya pili, ikishika mwendo klachi inaachiwa. Ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, lakini wataisukuma hata hivyo. Adabu ni adabu.

Fundi anakaza hasi. Ufunguo unazungushwa, injini inashika. Anadai mia mbili, dereva hana chenji, na katika abiria wote wanane hakuna anayethubutu kumwambia azime gari wakati inatafutwa.