Sweta

15 Julai, Butembo. Naanza likizo kubwa: majuma matano na vijana wa mitaani Beni. Mama kanifungia sweta ya buluu aliyoifuma mwenyewe. Nimemwambia Beni ni joto. Amesema baridi haipigi hodi.

Ni kilomita 54 hivi kwa pikipiki. Kanzu imeingia kwenye mnyororo kabla hatujatoka mjini. Motari amekata kipande kwa kisu, akaniomba msamaha kwa Kifaransa. Nimefika na kanzu fupi, nyekundu kwa vumbi.

16 Julai. Nimewaambia vijana: "Tafadhali ketini." Hakuna aliyeketi. Kiongozi wao akasema: "Mukae!" Wakakaa. Nina miaka mitatu ya falsafa.

19 Julai. Uwanja hauna magoli. Tumeweka mawe matatu na sweta yangu. Mpira ni mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba za mgomba. Refa ni mimi. Filimbi ilipotea dakika ya kumi. Dakika ya kumi na tano ililia upande wa pili wa uwanja; wote wakasimama, nami nikasimama.

24 Julai. Kuandikisha. Fomu niliyopewa inadai anwani. Kumi na mmoja wamekimbia Eringeti, wanne Oicha. Wanalala kwa jamaa. Mlinda mlango wa timu yetu ameuliza niandike anwani ya kijiji ao ya mukeka. Nimeacha wazi.

1 Agosti. Mlinda mlango amesema mlinda mlango huvaa tofauti na wenzake. Ni kweli. Amevaa sweta, saa nane mchana. Goli moja sasa lina jiwe moja. Tumebishana mpaka jioni kama mpira ulipita ndani.

10 Agosti. Somo: Mwenyeheri Anuarite. Nimesema alitangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1986. Msichana mdogo wa chama cha watoto cha Kizito-Anuarite akainua mkono: "Fratri, ni tarehe 15 Agosti 1985." Kisha akauliza kama niko na mitihani ya kurudia.

15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria. Mechi ya mwisho, tumefungwa sita kwa moja. Mlinda mlango anasema sweta ilikuwa nzito kwa jasho. Hakuivua. Kila mtu amewahi kwake kabla ya giza; tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya wanajeshi, na usiku wa hapa hauna mzaha.

17 Agosti. Nimeenda kumuaga mlinda mlango na kudai sweta. Nimeaga.

18 Agosti, Butembo. Mvua. Nimejaza ripoti. Vifaa vilivyopotea: filimbi moja. Sweta sikuiandika, najua iko wapi.

Mama ameniona natetemeka, akauliza sweta iko wapi.

"Inadaka, Mama."

Akanyamaza kidogo.

"Imefungwa ngapi?"

"Sita."