Nunua Mizani Kabla ya Jembe

Ukitaka kulima pilipili kichaa kwa mkataba, usianzie shambani. Anzia dukani ununue mizani, ile ndogo ya ndoano. Jembe utaazima kwa jirani. Mizani haiazimiki, maana siku unayoihitaji wewe ndiyo siku jirani naye anapima.

Hapa Muyeye, Malindi, nimeona magunia mengi yakiteremka kutoka Marafa na Langobaya, mwenyewe amekaa juu yake na hajui amebeba kilo ngapi. Ataambiwa. Uchungu wa jambo hilo ninaujua: msimu wangu wa kwanza mnunuzi mmoja alinisomea kilo nikaitikia tu, na mpaka leo sijui kama alinidhulumu au la. Kutojua huko ndiko kuliniuma kuliko pesa.

Ukishapata mizani, sasa shika mkataba. Malindi kuna wanunuzi wa viwandani, Equator Kenya akiwa mmoja wao, wanaokusanya pilipili za wakulima wadogo wa pwani na kuziuza ng'ambo. Kwa kawaida mkataba wa namna hii hukupa mbegu na ushauri, na deni likakatwa kwenye mauzo. Uliza deni ni kiasi gani na litakatwa kwa mafungu mangapi. Uliza bei iliyoandikwa ni ya pilipili mbichi au kavu, kwa sababu kilo moja kavu hula kilo tatu hadi nne za mbichi. Kisha tafuta kifungu kinachosema nani anaamua kwamba mzigo ni mbovu, anaamulia wapi, na wewe ukiwepo au usipokuwepo. Kama hakipo, usitie sahihi. Mwambie ofisa wa nyanjani akiandike, ukae umsubiri hata akinywa chai mara mbili.

Kazi yenyewe iko vidoleni. Pilipili hii ni fupi kuliko kidole cha mtoto, na kila moja huchumwa peke yake ikishaiva nyekundu. Mchumaji anaweza kuinama asubuhi nzima na ndoo isijae. Kwa hiyo mlipe vizuri, hata akiwa mkeo, tena hasa akiwa mkeo. Mikono ioshwe kwa mafuta ya nazi kwanza, ndipo sabuni ifuate, kwa sababu ukali wake hautoki kwa maji. Mama aliyenawa maji matupu akamshika mtoto usoni atakusimulia usiku wa kilio.

Kukausha ndiko kunakoangusha wengi. Usimwage pilipili chini. Kuku atapita juu yake, mbuzi ataonja ajute, lakini adui mkubwa ni unyevu, kwa sababu ndio unaoleta kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Soko la Ulaya halipokei pilipili yenye zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ndiyo maana punje chache zilizooza zinaweza kufanya mzigo mzima ukataliwe. Jenga kichanja, tandaza nyembamba, funika jua likizama kabla umande haujashuka. Ukichukua moja ukaitikisa sikioni na mbegu zikalia ndani, inakaribia kuwa tayari.

Broka atakuja. Atakuja bei ikiwa juu, na noti mkononi, wakati kampuni inasema subiri wiki mbili. Simlaumu mkulima mwenye karo ya shule mlangoni. Lakini mbegu ulikopa kwa ahadi, na mnunuzi akikimbiwa na wakulima msimu huu, msimu ujao hatakuja tena. Pwani tunajua: kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofungwa miaka ya 1990, mikorosho ilibaki na wenyewe wakabaki bila soko. Basi dai siku ya malipo iandikwe mkatabani, ili broka asikukute na njaa.

Siku ya kupeleka, pima nyumbani, uandike daftarini. Ukifika, tazama muhuri wa ofisa wa vipimo kwenye mizani yao, kisha tazama mshale kabla gunia halijapanda. Mshale usipokuwa kwenye sifuri, sema. Sema kwa heshima, lakini kwa sauti inayofika nyuma ya foleni.