Umetumwa na Nani?

Wenzangu wa rika langu wana burudani zinazoeleweka. Kuna wacheza bao, kuna wafuga njiwa, kuna wanaoshabikia timu za Uingereza mpaka wanalala na njaa kwa hasira. Mimi napiga picha majengo ya mabati. Si haya mapya ya rangi ya maruni yanayong'aa kutoka ng'ambo ya bonde. Nataka yale ya zamani, ukuta bati, paa bati, yameiva kutu, na mlango wa mbao wenye komeo la kuzuia jeshi.

Ukipita Njoro, Elburgon, Molo mpaka Londiani utayaona bado, maduka yaliyoachwa na enzi za reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901, na mabati yakasafiri nayo. Nairobi yenyewe, ilipoanza mwaka 1899 kwenye kinamasi, ilikuwa mji wa mahema na mabati. Ufundi wenyewe wa kukunja mabati ulitoka London, ambako mhandisi wa bandari, Henry Robinson Palmer, aliupatia hataza mwaka 1829. Chuma chembamba kilichonyooka hulegea hata paka akikikanyaga. Kikunje mawimbi, kitambeba fundi, nyundo yake na uji wake wa saa nne. Unayapanga mabati yakiwa yamelaliana kwenye behewa, unayashusha stesheni, baada ya siku chache una duka. Wafanyabiashara wa Kihindi waliliona hilo mapema: Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na maduka kituo baada ya kituo kufuata reli.

Hayo yote nayajua, na hayajawahi kunisaidia hata siku moja. Shida ya burudani hii ni kwamba hakuna anayeamini kuwa ipo.

Shida huanza na mwanga. Bati halipigwi picha saa sita mchana. Jua likiwa utosini mikunjo yote hupotea, unabaki na kitu cheupe kinachokuumiza macho. Unahitaji jua la pembeni, ili kila mgongo utupe kivuli kwenye bonde lake. Maana yake ni alfajiri au magharibi. Na mtu anayenyatia duka la watu alfajiri, kavaa kofia, kabeba mkoba mweusi, anainama kutazama misumari, ana jina lake kila kijiji.

"Wewe, baba, unapima nini?"

Hiyo ilikuwa Elburgon. Nikageuka. Mzee wa koti la suti juu ya sweta, fimbo mkononi.

"Sipimi, mzee. Habari ya asubuhi. Napiga picha tu."

"Picha ya nini?"

"Ya duka lako."

"Limefanya nini?"

"Halijafanya kitu, mzee. Ni zuri."

Akaligeukia duka lake, akalikagua toka paa hadi msingi, kisha akanikagua mimi kwa macho yale yale. "Umetumwa na nani?"

Watu wakajaa. Kijana mmoja wa bodaboda akasema mimi ni wa barabara, nimekuja kuchora ile X nyekundu ya majengo ya kubomolewa. Mwenzake akapinga: wa barabara huja na gari. Wa tatu akaapa kwamba mimi ni wa vyuma vikuukuu, na hilo likanitia jasho, kwa maana ilikuwa mwaka 2022, miezi ile serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na mtu aliyekazia macho chuma cha mwenzake alikuwa mshukiwa tayari. Mama wa mboga ndiye aliyehitimisha: huyu ni mjukuu wa Mhindi aliyejenga duka, amekuja kudai urithi. Kwa sura yangu, hoja hiyo haikupaswa kuishi hata dakika moja. Mzee aliitafakari kwa muda mrefu.

Mwishowe akamtuma mtoto nyumbani alete hati ya kiwanja. Nikaisoma mbele ya umati kwa sauti, nikatangaza kwamba iko sawa. Hapo ndipo niliporuhusiwa kupiga picha, na mzee akaja kusimama katikati ya mlango, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu. Nyuma yake kulikuwa na kile nilichokifuata: kiraka cha debe la mafuta ya kupikia lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, misumari yake imelia machozi ya kutu, na maandishi ya kiwandani bado yanasomeka yakiwa kichwa chini. Picha ninayo. Ina kofia ya mzee, masikio ya mzee, na herufi mbili.

Mabati nayo hujitetea. Ya zamani ni mazito. Ukiyagonga kwa kidole hujibu kwa sauti nene, tofauti na haya ya geji 32 unayoweza kuyakunja kwa goti. (Geji ikipanda namba, unene hushuka. Wauzaji wengi hawana haraka ya kumweleza mteja hilo.) Pale Molo nilikuwa narudi nyuma ili paa lote liingie kwenye picha, ncha ya bati lililong'oka ikanishika suruali, halafu ikamshika mwenye suruali. Muuguzi wa zahanati akaandaa sindano ya pepopunda na kuniuliza nilikuwa nafanya nini.

"Napiga picha bati."

Akaniangalia, akaandika kwenye kadi: "Ameanguka."

Nyumbani sina utetezi mzuri zaidi. Mke wangu anauliza kwa nini nasafiri mpaka Londiani kutafuta bati lenye matundu ilhali lipo moja juu ya kitanda chetu, na mvua ikinyesha hatuhitaji kamera kuliona. Nikimweleza kuhusu historia ananikabidhi beseni.

Lakini Londiani ndiko nilikoumia kweli. Kulikuwa na duka la mama mmoja, rangi zote za kutu unazozijua, kuanzia chungwa hadi kahawa, na migongo imenyooka mpaka leo. Siku hiyo mawingu yalitanda. Nikamwambia nitarudi jua likiwepo. Akacheka, akasema, "Karibu, mwanangu. Utakuta pamependeza."

Niliporudi, duka lilikuwa la kijani. Kampuni moja ya simu ilikuwa imepita mtaani na kupaka rangi ya bure kila ukuta uliokubali, juu mpaka chini, na namba za kutumia pesa kando ya mlango. Mama alikuwa ananisubiri na leso mpya kiunoni.

"Sasa piga," akasema. "Na ile ya kwanza uifute."

Nikapiga. Sikuwa na hoja. Kinacholinda bati ni zinki iliyopakwa juu yake. Hiyo hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone, na ikiisha, kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na pale mabati yanapopandana. Hicho ninachokifuata kwa nauli yangu ndicho kinachomla mama duka lake. Rangi ile ya kijani, hata kama inaniuma, imemwongezea miaka.

Basi nakuomba wewe msomaji. Kama kwenu kuna duka, ghala au stesheni ya mabati ya zamani, na umesikia watu wa rangi wamefika mtaa wa pili, nijulishe upesi. Na ukinikuta alfajiri nimepiga goti mbele ya ukuta wako, usimwite chifu. Sitaki kiwanja, sinunui vyuma, sina X. Nisogezee tu kiti, na wewe mwenyewe usimame pembeni kidogo.