Mhadhara Mkuu wa Utumbo

Waheshimiwa wazee wa Bunia, mapapa na mamama, itifaki yote ikizingatiwa! Mimi, Profesa kwa uteuzi wangu mwenyewe, nimekubali kuwazindua. Hapa mezani nyinyi mnaona chai, maharage na sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo. Mimi naona wizara nzima ya ulinzi.

Chembe nyingi za kinga zimepiga kambi utumboni. Nanyi watu wa Ituri, mlio chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, hamhitaji kufundishwa kwamba askari asiye na wa kumtuliza huwageukia raia. Kinga nayo ikipandwa na hasira hushambulia mwili wenyewe. Nani wa kuituliza? Sombe! Nyuzinyuzi zake hatuwezi kuzimeng'enya, hata mimi, licha ya cheo changu. Hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakazichachua na kutoa asidi iitwayo butireti. Asidi hiyo hulisha ukuta wa utumbo, tena huziongeza zile chembe za kinga ziitwazo T ambazo kazi yao ni kuziambia zenzao: tulieni.

Na chai je? Kemikali za jani bichi ziitwazo katekini hugeuka nyingine, teaflavini, kiwandani, jani linapoachwa liwe jeusi. Nyingi hazifyonzwi njiani. Hufika kule kule kwa bakteria, nao huzivunjavunja. Je, nazo hutuliza kinga? Kwa panya wa maabara matokeo yanapendeza. Kwa binadamu ushahidi bado mchanga, lakini mwenye joho hasiti.

Mtangulizi wangu katika elimu ya nyuzinyuzi, naye si haba, ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, ng'ambo tu ya Ziwa Albert. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uzito wa vinyesi. Wanakijiji wa Uganda: wastani wa gramu 470 kwa siku. Wanamaji wa Uingereza na wake zao: 104. Jirani zetu waliwashinda wakoloni zaidi ya mara nne, na hakuna bendera iliyopandishwa! Wivu mtupu.

Naona mama muuza chai ameinua kidole. Anasema chai ikinywewa pamoja na maharage hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, heri kungoja saa moja. Ni kweli. Lakini mama, hukufuata utaratibu. Maswali huletwa kwa maandishi, nakala tatu, kila nakala na sahani yake ya maharage.